Ubawa Ulioimba Kabla Bahari Haijafika Kwale

Nyenje aliyeninyima usingizi siku nne nilimnasa nyuma ya pipa la maji, bafuni. Nyumba ninayoishi hapa Msambweni imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuta za namna hiyo zina vitundu vya kutosha kuficha ukoo mzima wa wadudu pamoja na wageni wao. Nilimfunika kwa gilasi, nikapitisha karatasi ngumu chini yake, nikamleta mezani. Akanyamaza. Mtoto wa jirani, ambaye huja jioni tusaidiane na hesabu zake, aliinama mpaka pua ikagusa gilasi.

"Mjomba, huyu hulia kwa mdomo?"

"Mdomo wake ni wa kula tu. Hulia kwa mbawa."

"Na masikio yako wapi?"

"Miguuni."

Alinitazama kama mtu anayejua anafanyiwa mzaha, basi nikampa lenzi ya mkono ajionee. Chini kidogo ya goti la mguu wa mbele nyenje ana kidoa cheupe, chembamba kama ngozi ya kitunguu iliyowambwa. Hicho ndicho kiwambo cha sikio lake. Akitaka kujua sauti inatoka upande gani, hapindui kichwa. Miguu yenyewe imesimama mbalimbali na kila mmoja unasikia kivyake.

Mbawa ndizo zenye maajabu zaidi. Mbawa za juu za dume zimelaliana, wa kulia juu ya wa kushoto. Upande wa chini wa ule wa kulia umepita mshipa mnene wenye meno yaliyojipanga kama ya tupa anayonolea fundi. Ukingo wa ubawa wa kushoto nao ni mgumu kama ukucha. Nyenje akitaka kulia huziinua mbawa, akazipanua, kisha akazifunga kwa haraka. Ukucha unapita juu ya tupa, meno yanakwaruzwa moja baada ya jingine, na sehemu nyembamba ya ubawa, ambayo wataalamu huiita kinubi, inatetema na kuikuza sauti. Kelele yote ile inayojaza nyumba ni kazi ya utando usiozidi ukucha wa kidole gumba. Jike hana tupa. Yeye husikiliza, kisha akaamua.

Kiswahili chetu kimewapa wadudu hawa majina mengi na kuwachanganya kidogo. Wako wanaomwita nyenje hata yule anayepiga kelele mchana kweupe juu ya mwembe. Huyo si wa ukoo huu kabisa, ana ngoma mbili ubavuni mwa tumbo na mdomo wa kufyonza utomvu. Ukitaka kuwapambanua panzi na jamaa zao, acha rangi, tazama papasi, zile nyuzi mbili za kichwani. Zikiwa fupi, huyo ni panzi, parare au nzige. Zikiwa ndefu kama uzi wa kushonea, wakati mwingine kupita mwili mzima, uko kwenye kambi ya nyenje na ya senene wanaoliwa kule Bukoba na Uganda. Chenene, yule mchimbaji mwenye mikono kama koleo, ni wa kambi hiyo hiyo ingawa papasi zake ni fupi kidogo. Kila kanuni ina mkaidi wake.

Katika kambi hii ya papasi ndefu iliwahi kuwako familia iitwayo Haglidae, ambayo leo haina hata mdudu mmoja aliye hai. Jina lilianza kwa ubawa mmoja uliotoka kwenye mawe ya Uingereza, ambao Mjerumani Giebel aliuita Hagla mwaka 1856. Nusu karne baadaye, mwaka 1906, Anton Handlirsch wa Vienna, aliyeipanga upya karibu kila alama ya mdudu wa kale iliyojulikana wakati wake, akaifanya familia kamili. Tangu hapo jamaa za Hagla wameonekana katika mawe ya Ulaya, ya Asia ya Kati na ya China. Walikuwako zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, enzi ya Triasi, wakatia fora katika enzi ya Jurasi, na katika enzi ya Kretasia wakapungua hadi wakaisha.

Msomaji ataona nimesema "ubawa mmoja", naye ana haki ya kushangaa. Familia nzima kwa ubawa? Ndiyo. Ukitaka kuelewa kwa nini, amka alfajiri, kabla baraza halijafagiwa, utazame chini ya taa iliyowaka usiku kucha. Mijusi kafiri wameshiba. Siafu wamepita. Kilichobaki sakafuni ni mbawa: za kumbikumbi, za nondo, za nyenje mmoja mmoja. Ubawa hauna nyama, hautamaniwi na mtu, haunyonyi maji upesi, na hupeperuka mpaka ukaangukia dimbwini. Tumbo huoza kwa siku mbili. Ndivyo ilivyokuwa zama zile pia, ndiyo maana kabati za makumbusho zimejaa mbawa za wadudu ambao miili yao haikuonekana kamwe.

Bahati yetu ni kwamba mbawa za wadudu ni kama alama za vidole. Mishipa yake hugawanyika na kuungana kwa mpangilio ambao kila familia ina wake, na mjuzi akiutazama ubawa usiozidi punje ya mchele anaweza kukutajia ukoo. Kwa wadudu wengine hadithi huishia hapo: jina, ukoo, umri wa jiwe. Lakini kwa jamaa za nyenje, ubawa ndio chombo cha muziki. Ukiupata ubawa wa dume umepata tupa na kinubi kwa pamoja. Ni sawa na kufukua zumari kaburini, mpigaji ameoza lakini matundu yake yote yamo.

Mwaka 2012 watafiti wa China, Uingereza na Marekani waliupiga muziki huo. Walikuwa na mdudu kutoka Daohugou, Mongolia ya Ndani, mahali ambapo majivu laini ya volkano yalitandika chini ya maziwa ya kale kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita. Mbawa zake zilikuwa na urefu wa sentimita 7 hivi, zikiwa zimehifadhiwa vizuri mno hata meno ya tupa yakaonekana kwa hadubini. Wakamwita Archaboilus musicus, wakamweka katika Haglidae. (Wako wanaomhamishia familia ya binamu zake, Prophalangopsidae. Ugomvi wa wataalamu juu ya mishipa ya ubawa haupoi. Nimeukuta, nami nitauacha.)

Njia waliyotumia inaeleweka bila hesabu nzito. Walipima urefu wa tupa na nafasi kati ya jino na jino. Wakawapima vilevile nyenje na jamaa zao walio hai, ambao sauti zao zinaweza kurekodiwa, na kuona jinsi vipimo vya tupa vinavyokwenda na kimo cha sauti. Tena waligundua kwamba nafasi za meno ya Archaboilus zinaongezeka kidogo kidogo kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hilo lina maana yake. Mbawa zinapofungwa huongeza kasi njiani. Meno yakiwa na nafasi sawa, sauti itapanda na kuwa mkwaruzo mtupu. Nafasi zikipanuka kadiri kasi inavyoongezeka, jino hugongwa kwa muda ule ule kila mara, na sauti inatoka safi, ya kimo kimoja, kama mluzi. Jibu lao lilikuwa kilohezi 6.4, kila mlio ukidumu milisekunde 16 hivi.

Kwa msomaji ambaye kilohezi hazimwambii kitu: kitufe cha mwisho kabisa cha kinanda kikubwa cha piano, kile chembamba cha kulia, kinafikia kilohezi 4.2 hivi. Archaboilus alilia juu ya hapo, lakini bado ndani kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu. Ungekuwako ungemsikia. Na ungemsikia kutoka mbali, kwa sababu sauti ya kimo hicho husafiri vyema karibu na ardhi, usiku, katika msitu ambao chini yake hapana vichaka vingi. Msitu wenyewe ulikuwa wa misonobari na makangaga makubwa kama minazi. Maua hayakuwa yameanza kutawala dunia. Katika ubawa wa Archaboilus kuna jambo moja jingine nililolipenda zaidi ya yote: tupa iko pande zote mbili, kulia na kushoto, zinafanana. Nyenje wa bafuni mwangu amechagua mkono. Yule wa kale alikuwa bado hajachagua.

Nilipomsimulia jirani mmoja, mvuvi, alinisikiliza kwa adabu halafu akaniuliza swali lililo zito kuliko yote: nani alisikia? Swali hilo nalo limepata jibu. Desemba 2022 ilitangazwa kwamba masikio ya zamani zaidi ya wadudu wa kambi hii yameonekana katika mawe ya Daohugou, yenye miaka milioni 160 hivi. Yako pale pale, chini ya goti la mguu wa mbele.

Kuna jambo ambalo mlio wa kilohezi 6.4 unalisema kimyakimya. Ukienda Shimoni jioni, au mapango ya Fikirini yaliyo karibu nayo, utaona popo wakitoka kwa mamia. Popo anawinda kwa masikio. Senene wengi wa leo wamepandisha sauti zao hadi kimo ambacho binadamu hasikii, wengine huimba kwa vipande vifupi vifupi na kunyamaza, na wote wana masikio ya kumsikia popo kabla hajafika. Popo wa kale kuliko wote waliofukuliwa hawazidi sana miaka milioni 50. Archaboilus aliimba kwa mluzi safi, wa kimo cha chini, bila hofu ya popo. Alikuwa na maadui wengine, bila shaka, pamoja na mamalia wadogo wa usiku. Ila hakuwa na huyu.

Familia ikitoweka, huwa haizimiki kama taa. Hupungua jenasi baada ya jenasi, na mara nyingi binamu wachache hujificha pembeni mwa dunia. Hao Prophalangopsidae niliowataja walijaa kila mahali zama za Jurasi. Leo wamebaki spishi zisizofika kumi, baadhi Amerika Kaskazini, baadhi Asia. Mmoja wao ana kisa cha kusikitisha. Anaitwa Prophalangopsis obscura. Francis Walker alimwandika mwaka 1869 kutokana na dume mmoja aliyetoka India na kuhifadhiwa kwenye makumbusho ya London, na kwa zaidi ya karne nzima hakuna aliyemwona wa pili. Mwaka 2009 majike wawili waliandikwa kutoka Tibet. Dume akabaki yule yule mmoja, kwenye pini yake.

Mwaka 2022 dume huyo aliimbishwa. Watafiti walimulika mbawa zake kavu kwa leza, wakapima jinsi zinavyotetema, wakafika kilohezi 4.7. Mdudu aliyekufa kabla reli ya Mombasa haijalazwa akatoa sauti, na sauti yenyewe ni ya kale kwa namna yake, ya chini, iliyo karibu na zile za mababu zake wa Jurasi kuliko na za senene wa leo. Mimi nimeisikiliza mara nyingi. Inafanana na kengele ya baiskeli iliyopigwa ndani ya mtungi.

Sasa turudi Kwale, maana swali la mtoto wa jirani lilifuatwa na jingine: "Hao wa mawe wako na huku?"

Mawe ya umri huo yako. Ni mengi, na yamo njiani. Anzia ufuoni Diani, ambako unakanyaga mwamba wa matumbawe wa juzi juzi kwa hesabu ya dunia, kiasi cha miaka 125,000, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Humo utaona kombe na matumbawe. Mdudu wa nchi kavu usimtafute, mawimbi yanasaga kila kitu. Panda kidogo, unafika kwenye mchanga mwekundu uitwao wa Magarini, ule ule uliochimbwa titani bara kidogo ya Msambweni mpaka mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Huo nao ni mpya. Kisha pinda Kombani, panda mlima wa Shimba hadi mji wa Kwale, na hapo ghafla unakanyaga mawe ya mchanga yaliyo makongwe mara elfu.

Kutoka hapo kwenda bara, kupitia Kinango, unashuka katika wakati. Tabaka zimelala kwa mteremko mdogo kuelekea baharini, kwa hiyo kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo za chini, zilizo nzee zaidi, zinavyotokeza juu. Wajiolojia huziita Mawe ya Mchanga ya Duruma, kwa jina la wenyeji wa huko, na P. V. Caswell alizichora kwenye ramani yake ya Mombasa na Kwale ya mwaka 1953 ambayo bado inafaa kubebwa. Katika tabaka la Mazeras kuna magogo yaliyogeuka mawe; ukiyagonga yanalia kama kigae. Chini yake kuna tabaka la Mariakani, halafu la Maji ya Chumvi, na mwisho kabisa mawe ya kokoto ya Taru.

Hapo Maji ya Chumvi ndipo ninapotaka usimame. Jina ni la mahali, penye vijito vya maji ya munyu, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Jiwe lake ni mwambatope, tope laini lililolala kwenye maji matulivu likagandamizwa, nalo hupasuka kwa mabamba kama kurasa za kitabu kilicholowa na kukauka. Ndani yake wamewahi kupatikana samaki wa mwanzo wa Triasi, wenye umri wa miaka milioni 250 hivi. Nilikwenda huko na nyundo, chupa mbili za maji na kofia, nikakaa kwenye korongo kutoka asubuhi mpaka jua la saa nane liliponifukuza. Bamba la kwanza: alama za viwimbi, kama zile unazoziona mchangani maji yakipwa. Bamba la kumi na kitu: viganda vya krasteshia wadogo, kila kimoja kama ukucha wa mtoto mchanga, vimerundikana kana kwamba dimbwi lilikauka kwa siku moja. Nilivigeuza juani mpaka mistari yake ya kukua ikaonekana.

Nimeeleza siku hiyo kwa sababu mwambatope wa aina hii ndio unaobeba mbawa. Kwingineko barani, mawe ndugu wa haya, yale ya Karoo ya Afrika Kusini, yametoa wadudu wa Triasi kwa wingi, hasa katika tabaka la Molteno, kwa sababu watu waliinama miaka mingi na kupasua bamba baada ya bamba. Ukweli mchungu wa fani hii ni kwamba ramani ya wadudu wa kale kwa kiasi kikubwa ni ramani ya mahali watu walikoinama. Kwetu pwani tumefukua dhahabu ya watalii ufuoni na kuliacha bara la Kinango kwa mbuzi.

Mtu atasema labda hali ya hewa yetu haihifadhi wadudu. Kenya yenyewe inamkanusha. Visiwa vya Rusinga na Mfangano, ndani ya ziwa Viktoria, vimetoa wadudu wa miaka milioni 18 hivi ambao si alama bapa. Ni viwiliwili, vimevimba, pamoja na viwavi ambao ungedhani watatambaa. Volkano ya Kisingiri ilimwaga majivu yenye chokaa nyingi, na chokaa ikaingia mwilini mwa wadudu kabla hawajaoza. Louis Leakey aliwaeleza walimwengu mwaka 1952. Dunia ilikuwa inatazama upande mwingine: miaka minne tu kabla, mwezi Oktoba 1948, Mary Leakey alikuwa amepata fuvu la Proconsul hapo hapo Rusinga, na mbele ya fuvu la nyani wa kale kiwavi hana nafasi.

Kuna wakati wa kuitazama Kwale ambao napenda kuukumbuka. Archaboilus alipokuwa akiimba kule China, ufuo wa Diani haukuwako. Madagaska ilikuwa imeshikana na upande wetu, na ndipo ufa ulipoanza kufunguka, bahari ikaingia. Mawe ya chokaa ya Kambe, kaskazini kidogo ya hapa, ni matope ya bahari hiyo changa. Kwa hiyo mawe ya Shimba yaliyo chini yake yalilazwa na mito ya nchi kavu, wakati mtu angeweza kutembea kutoka Kinango mpaka Madagaska bila kulowa miguu.

Wasomaji wa pwani watakuwa wamekwishauliza: na sandarusi je? Swali zuri, na lenye mtego. Msandarusi ni mti wa misitu yetu, kuanzia Kwale kushuka Tanzania na Msumbiji hadi Madagaska. Ukijeruhiwa hutoa utomvu, utomvu hudondoka, na mdudu aliyetua hapo haondoki tena. Karne ya 19 sandarusi ilikuwa biashara kubwa ya Unguja. Ilichimbwa ardhini, hasa nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam, ikapelekwa mpaka Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi ya magari ya farasi na fanicha. Iliyochimbwa ilikuwa na thamani. Ikisafishwa, uso wake huonyesha vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ile mbichi, ya mtini, wenyeji waliiita chakazi. Wafanyabiashara wa Kizungu walisikia "jackass", yaani punda, na mizigo ikasafiri baharini kwa jina la sandarusi ya punda. Msafiri Mwingereza Burton alilicheka kosa hilo tangu miaka ya 1860.

Mtego ni umri. Sandarusi si kaharabu. Kaharabu ya Myanmar ina miaka karibu milioni 99, na ndani yake wamo jamaa wengine wa panzi waliotoweka, wa familia ya Elcanidae, wenye miiba mipana kama majani kwenye miguu ya nyuma. Sandarusi ya kwetu, hata ile iliyochimbwa, nyingi ni ya mamia au maelfu ya miaka tu. Mwaka 2020 wataalamu walipendekeza hata utomvu uliotoka baada ya mwaka 1760 usiitwe tena kwa jina hilo, upewe jina la utomvu wa zama za kuteketea kwa wanyama. Si dharau. Utomvu huo umehifadhi wadudu wa misitu ambayo tumekwishaikata, na kwa pwani yetu hiyo ni kumbukumbu ya thamani kubwa. Ila Hagla hayumo humo, na hawezi kuwamo.

Nalisema kwa uchungu wa mfuko wangu. Miaka kadhaa iliyopita, ufuoni, niliuziwa shanga ya "kaharabu ya dinosaria" yenye sisimizi ndani, kwa bei ambayo sitaitaja mke wangu akisoma. Nilipofika nyumbani nikadondosha spiriti juu yake. Kaharabu ya kweli ingekaa kama kioo. Hii ikanata kidoleni kama peremende iliyolambwa. Hata hivyo sisimizi alikuwa wa kweli, na mzuri, na ninaye mpaka leo.

Wanaoimba hadi sasa nao si haba. Msitu wa Kaya Kinondo, hatua chache kutoka hoteli za Diani, una ukubwa wa hekta 30 hivi tu, na ni mmoja wa misitu ya kaya iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Wazee wake hawaruhusu mtu kukata hata fimbo. Simama nje ya msitu huo magharibi inapoingia. Kwanza wananyamaza wale wa mwembeni. Kinapita kimya cha kama dakika mbili. Halafu anaanza mmoja chini kabisa, kwenye majani makavu, kwa mluzi safi. Wa pili anajibu kutoka mti wa juu kwa mkwaruzo. Baada ya robo saa hutofautishi tena. Nilipeleka huko kipaza sauti na kompyuta, nikaona kwenye skrini kile sikio langu lisichokipata: kila spishi imejichagulia kimo chake, kama wauzaji sokoni waliogawana meza, na juu ya kilohezi 20 kuna soko jingine zima ambalo binadamu hajaalikwa.

Nyenje wa bafuni tulimwachia uani, mimi na mtoto. Usiku ule alikuwa amerudi, au ndugu yake.

Lililobaki ni ombi, na nalielekeza kwa wachimba visima, wachonga barabara, wachungaji na walimu wa Kinango, Samburu na Maji ya Chumvi, ambao kila siku wanapita juu ya mawe ninayoyafikia mara moja kwa mwaka. Mkiona kwenye mwambatope kitu kama jani jembamba chenye mishipa iliyosukwa kama wavu, msikisugue, msikilowanishe, msikipake mafuta ya nazi ili king'ae. Kipigeni picha pamoja na sarafu ya shilingi kumi ili ukubwa wake ujulikane. Andikeni mahali penyewe: korongo gani, upande gani wa barabara, kina gani. Kisha pelekeni habari Fort Jesus, Mombasa, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kwa sheria ya mwaka 2006 visukuku ni mali ya taifa, na kuviuza ni kosa. Na bamba likipasuka katikati, shikeni pande zote mbili, kwa sababu ubawa huacha mwili wake upande mmoja na alama yake upande wa pili, na mara nyingi meno ya tupa huonekana kwenye ule upande ambao mtu angeutupa.